Uliza Rubani: GPS ya mkononi ya ndege ndogo, ninunue ipi?

Mwezi huu maswali karibu yote yamekuja ya jambo moja, GPS za mkononi za kurukia vindege vyetu hivi vidogo, basi nimeyapanga pamoja niyajibu kwa mpigo. Mengine nimeyafupisha, mnisamehe, kuna bwana mmoja alianza kunihadithia tangu babu yake alivyokuwa kuli Kilindini akafika kwenye swali ukurasa wa tatu.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa urubani hapa Mombasa, nishafanya soloo, yaani kuruka peke yangu, sasa naanza safari za mbali. Binamu yangu yuko Texas anakuja likizo Disemba, asema kule kuna GPSMAP 496 za Garmin zilizotumika bei poa, ama aniletee aera 660 ya Garmin hiyohiyo, ama niachane nazo ninunue tableti nitie programu basi. Na ati hiyo 496 yaonyesha mvua laivu! Nichukue ipi? (Mwanafunzi, Port Reitz)

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa soloo. Nianze na hiyo mvua laivu manake naona ndo iliyokutia hamu. Ni kweli ipo, 396 ya mwaka 2005 na 496 iliyoifuata 2006 zilipata sifa kwa hiyo, zapokea hali ya hewa kutoka setilaiti za XM unaiona mvua kwenye ramani kwa rangi. Lakini XM warusha Marekani na pande za Kanada basi, na hata huko kwenyewe ni ya kulipia kila mwezi. Ukiiwasha juu ya Mtwapa mwezi wa tano, mvua imefunga mpaka Kilifi, skrini yako itakuwa safi kabisa, na hapo ndo pabaya, mtu asiyekijua chombo aweza kudhani hewa ni shwari. Hizi mpya nazo zachukua hali ya hewa kutoka vituo vya ardhini vya FAA, mamlaka yao ya anga, navyo viko Marekani.

Haya endelea kusoma boksi. SafeTaxi, ile michoro ya njia za kutembezea ndege chini uwanjani, ni viwanja vya Marekani. Kitabu cha viwanja cha AOPA, chama cha marubani, cha Marekani. Ramani za barabara, Marekani Kaskazini, yaani chombo chajua vichochoro vya Dallas na Mwembe Tayari hakipajui. WAAS, ile huduma ya kusahihisha mahali ulipo, ni ya Marekani Kaskazini, Ulaya wana yao yaitwa EGNOS, sisi huku hatumo kwa hii wala ile. Hilo la WAAS lakini usilililie, tangu Marekani wazime ule uvurugaji wa makusudi wa mawimbi ya GPS Mei 2000, chombo cha kawaida chakupa mahali ulipo kwa makosa ya mita chache, na sijaona mtu aliyeukosa uwanja wa Moi kwa mita chache.

Sasa toa hizo zote kwenye hesabu uone umebakiwa na nini cha kulipia. Wabakiwa na ramani yenye kijindege chako, viwanja, mipaka ya anga, rangi za milima, na vitufe viwili ambavyo mimi ningevinunua hata peke yake. Kimoja ni kile chenye herufi D iliyochomwa mshale, waandika unakotaka kwenda chakuchorea mstari. Cha pili NRST, wakibonyeza chakutolea orodha ya viwanja vilivyo karibu, umbali na upande. Injini ikikohoa juu ya Tsavo hutataka kitu kingine.

Lakini hivyo vitufe vyategemea data iliyo ndani, na hapa ndo watu wa huku wanapochomeka. Garmin wameigawa dunia mafungu, kuna Americas, kuna Atlantic na kuna Pacific. Afrika tuko Atlantic, pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Chombo kilichouzwa Texas kitakuja na Americas. Ukikiwasha hapa kitashika setilaiti vizuri tu, kijindege chako kitaonekana kikielea pembeni mwa bahari, lakini HKMO, ndo jina la uwanja wa Moi kwenye data, hakuna, Malindi hakuna, Ukunda hakuna, Manda hakuna, mpaka wa anga la Mombasa hakuna, na hiyo NRST ukiibonyeza itakutazama tu. Kwa hivyo mwambie binamu kabla hajatoa dola amwombe muuzaji ile namba ya chombo iliyoandikwa nyuma, aingie tovuti ya Garmin aone mambo mawili, kama data ya chombo hicho bado yauzwa na kama yaweza kubadilishwa kuwa Atlantic. Akiambiwa la, basi hata wakimpa bure aache, atabeba jiwe.

Data nayo huchacha. Dunia nzima hubadilisha habari za anga kwa mzunguko wa siku 28, ndo waita AIRAC. Wewe unayeruka kwa macho mchana, VFR, si lazima ununue kila mzunguko, ni ghali, watu wengi hununua mara chache kwa mwaka halafu wakasoma NOTAM, yale matangazo ya marubani, na kuangalia ramani ya sasa kabla ya kuruka. Ila data ya miaka kumi nyuma usiirukie. Viwanja vya mbugani hufungwa, masafa ya redio hubadilishwa, mipaka ya anga husogezwa, na tawa, wale waongoza ndege, hawatakusikiliza ukiwaambia GPS yangu ilisema nje.

Ukiniuliza pesa ingekuwa yangu, ningechukua 660. Ilitoka 2016, skrini inchi 5 ya kugusa, yakaa kwenye usukani bila kukuziba vyombo, na betri yake mtengenezaji asema hadi saa 4 ambazo ni Mombasa mpaka Lamu na kurudi na chenji. Kuna 760 ya 2020 yenye inchi 7, nzuri sana, lakini kwenye Cessna 152 ya mafunzo hiyo utaiweka wapi wewe na mwalimu mmekaa mabega yamegusana? 496 ni chombo kigumu na vitufe vyake wavibonyeza hata ndege ikitikisika, ni rahisi kuliko kugusa skrini na mkono unarukaruka, lakini ni kwa sharti la data, bila hilo hapana. Tableti soma jibu linalofuata.

Na kimoja cha mwisho kabla hujaagiza, muulize mwalimu wako. Wengi hawataki kuiona kwenye zile safari za kwanza na wako sawa. Pwani yetu hii ni ramani tosha, wapaa wauacha mji nyuma, mkono wa kwanza wa bahari ni Mtwapa, wa pili Kilifi na daraja lake, halafu Mida, halafu Malindi, na ukiona maji ya bahari yamegeuka rangi ya chai ya maziwa jua umeshapita mji, huo ni mto Sabaki wamwaga matope. Kwenda Voi una reli na barabara. Jifunze hizo kwanza na saa na dira na karatasi, halafu GPS ije ikuthibitishie. Hata ukishapata leseni, za mkononi hizi hazikuidhinishwa kwa kuruka kwa vyombo, IFR, kwa hivyo usije ukaingia mawinguni ukitegemea kitu kilichobanwa kwa raba.

SWALI: Kaka, iPad yangu yajizima ndegeni, yaandika ati ina joto, mara nyingine hata sijapaa. Ya rafiki yangu haijizimi lakini yake yaonyesha tuko Ukunda tu hata tukifika Kilifi. Shida ni nini? (Diani)

JIBU: Hizo ni shida mbili tofauti bwana. Yako si mbovu. Apple wenyewe wameandika kwamba chombo chao kitumike kwenye joto la kuanzia 0 hadi 35. Sasa wewe ndege imeegeshwa Ukunda juani tangu asubuhi, saa saba mchana wafungua mlango wapigwa na joto la tanuri, waibandika iPad kwenye kioo cha mbele jua laipiga usoni, umewasha mwanga wote, iko ndani ya kava nene la raba na yachajiwa juu yake. Yaani umeipika. Itoe kwenye kioo, iweke pajani kwenye kivuli cha mwili wako, vua kava, punguza mwanga mpaka pale unapoona tu, usichaji mpaka umepaa na hewa yaingia, na kile kitundu cha hewa kielekeze kwake kwanza kabla yako. Ukiwa chini kaa nayo mwenyewe, usiiache kwenye kiti.

Ya rafiki yako ni ile ya Wi-Fi tupu, haina GPS kabisa ndani. Watu wengi hawalijui hili na muuzaji dukani hatakwambia. Pale uwanjani iliotea ilipo kwa kutumia Wi-Fi ya jirani, mlipopaa Wi-Fi ikaisha ikaganda na jibu la mwisho. iPad yenye GPS ni ile yenye nafasi ya laini, hata usipotia laini, ile GPS inafanya kazi na haitaki bando. Kama ashanunua ya Wi-Fi asiuze, anunue kipokezi kidogo cha pembeni kama Garmin GLO au Bad Elf, yaungana kwa Bluetooth mambo yanaenda.

Upande wa programu, ForeFlight ni ya Apple tu, wa Android usihangaike kuitafuta. Na programu yoyote utakayochukua, kabla ya kulipia hakikisha Kenya imo kwenye orodha ya nchi zake, na ramani zishushe nyumbani, manake juu kule ukifika Tana Delta intaneti hakuna na ramani ambayo hukuishusha itakuwa vibox vya kijivu. Halafu jaribu miwani yako ya jua. Ile ya polaroidi ukiitazama skrini kwa pembe fulani yaona nyeusi tii, mtu adhani chombo kimezima kumbe ni miwani.

Ndo manake mimi tableti naiweka ya pili. Skrini kubwa, ramani tamu, bei nafuu, lakini haikutengenezwa kukaa juani nchi ya joto. Vile vya ndege vimetengenezwa kusomeka juani na kuvumilia.

SWALI: Mjomba, nilichomeka chaja ya simu ya gari kwenye soketi ya Cessna 172 ya klabu, ikatoa harufu ikafa. Ajabu kwenye 172 nyingine, ya zamani zaidi, chaja kama hiyo inafanya kazi hadi leo. Ndege ina hitilafu? (Mtwapa)

JIBU: Ndege haina kitu, chaja ndo ilikuwa ya gari dogo. 172 za zamani umeme wake ni wa volti 14 kama gari, kuanzia zile za mwaka 1978 zikawa za volti 28. Soketi ni ileile, shimo ni lilelile, hakuna cha kukuonya kwa macho. Ulichomeka chaja ya volti 12 kwenye 28 ikaungua, na shukuru ni chaja tu. Kabla ya kuchomeka kitu chochote kwenye ndege usiyoijua soma kitabu chake au kile kibandiko kilicho karibu na soketi, na ununue chaja iliyoandikwa 12–24V, zile za malori, lori la volti 24 likichaji lafika 28 vilevile kwa hivyo zavumilia. Zile ambazo hazikuandikwa kitu, za kumwaga kwenye sahani barabarani, hapana.

Na kuna ubaya mwingine wa chaja rahisi ambao watu hawaushuku, zapiga kelele kwenye redio. Fanya hivi ukiwa bado chini, washa redio fungua skwelchi, kile kizuia mvumo, usikie ule mvumo wa kawaida, halafu chomeka chaja. Mvumo ukibadilika ukawa na mluzi au mkwaruzo, chomoa utafute chaja nyingine. Kuna siku utakuwa mbali na tawa wanakuita wewe wasikia mbu. Jambo hilohilo kwa dira, sogeza GPS na kishikio chake karibu na dira uangalie kama sindano inahama, vishikio vya sumaku siku hizi vimejaa na dira haivitaki.

SWALI: GPS yangu na altimita, kile kipimo cha kimo, hazielewani. Juzi altimita yasema futi 7,500, GPS yasema karibu 8,000. Niiamini ipi? (Nyali)

JIBU: Zote mbili hazijaharibika. Altimita yapima uzito wa hewa halafu yajifanya kuwa hewa ni ile ya vitabuni, nyuzi 15 usawa wa bahari. Sisi hapa 32 ni siku ya kawaida. Hewa ya moto imetanuka, kwa hivyo uko juu zaidi ya altimita inavyosema, kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 zinazozidi. Kwa futi 7,500 na nyuzi 17 za ziada piga hesabu, wapata kama futi 500, ndo hizo zako. GPS yapima umbali kwa setilaiti, haijui joto.

Lakini ruka kwa altimita iliyotegwa QNH, ile namba ya uzito wa hewa usawa wa bahari wanayokupa tawa, manake ndege zote nyingine angani zatumia hiyo na tawa wanawapanga kwa hiyo. Ukiamua peke yako kuruka kwa futi za GPS utakutana na mtu uso kwa uso ambaye naye ameshikilia futi zake sahihi. Milima nayo itazame kwa hesabu ya juu, Vuria kule Taita ni mita 2,208, hiyo ni zaidi ya futi 7,200, na Kasigau hukaa peke yake kwenye nyika ukungu ukiifunika husemi kuna kitu.

Na kwa vile umenichokoza, lile la kasi ni kubwa kuliko la futi. Namba ya kasi kwenye GPS ni kasi ya ndege juu ya ardhi, si kasi ya hewa juu ya bawa. Kusi likivuma na wewe wageuka kuingia fainali, ule mstari wa mwisho wa kutua, upepo bado uko mgongoni, GPS yakuonyesha kasi tele, wewe wapunguza, bawa halina habari na GPS, lenyewe lahesabu hewa tu, likiacha kubeba uko futi mia tano kutoka chini. Kwenye sakiti, ule mzunguko wa uwanja kabla ya kutua, mimi skrini naifunika kabisa.

SWALI: Nilipewa koodineti za kiwanja cha kambi moja upande wa Voi, nikaziingiza, GPS ikaniambia ni zaidi ya kilomita 700. Nilicheka lakini nataka kujua. (Changamwe)

JIBU: Umeandika N badala ya S. Vyombo vingi vikitoka dukani vyaanza na N, na sisi Mombasa tuko chini ya ikweta. Digrii 3 kaskazini badala ya 3 kusini, na mashariki ileile, wajikuta Marsabit karibu na mpaka wa Ethiopia. Hilo ni kosa zuri kwa sababu ni kubwa, mtu aliona.

Linaloua ni dogo. Malindi iko kusini digrii 3 na dakika 14. Mtu aandika 3.14 kwenye chombo kilichotegwa digrii za desimali, na dakika 14 si 0.14 ya digrii, ni 0.23, digrii moja ina dakika 60. Tofauti yake ni kama kilomita 10. Malindi utauona mji hata hivyo, lakini kiwanja cha vumbi katikati ya vichaka vinavyofanana, kilomita 10 ni kupotea kabisa na mafuta yaenda. Kwa hivyo anayekupa koodineti mwambie azisome na alama zake, digrii, dakika, nukta iko wapi, halafu ukishaingiza tazama umbali na upande uliotoka ulinganishe na ramani ya karatasi kabla ya kuwasha injini.

Na kama umezitoa kwenye zile ramani za zamani za Survey of Kenya, hizo zimechorwa kwa kipimo cha Arc 1960, GPS yako yatumia WGS 84, usipobadilisha kwenye seting utakosea karibu mita 300. Kwa kuruka si neno sana. Kwa kutafuta ncha ya kiwanja chenye nyasi refu ni neno.

SWALI: Mume wangu huruka wikendi, nataka kumfanyia sapraizi ya GPS. Dukani wameniambia eTrex ni nzuri na bei yake siiogopi. (Dada wa Tudor)

JIBU: Dada yangu, hiyo ni ya watembea kwa miguu, haina viwanja wala mipaka ya anga, na skrini yake ndogo hataisoma akiwa anaendesha. Akiitegemea kama GPS yake kuu atanung'unika kimyakimya ili asikuudhi. Lakini ya kukaa ndani ya mkoba ni zawadi ya maana, yaendeshwa na betri mbili za AA na zile eTrex 10, 20 na 30 zadumu hadi saa 25, siku vingine vyote vimezima atajua yuko wapi na aweza kuwasomea tawa. Mnunulie na betri za akiba, na mwambie aiwashe nje mahali peupe mara ya kwanza aiache hata robo saa, ikitoka mbali hivi yahitaji kama dakika 12 na nusu kushusha orodha nzima ya setilaiti, asije akairudisha dukani akisema haishiki.